Gambuti za Baba

"Baba, siku fuko wakiisha wote, utafanya kazi gani?"

Nilikuwa darasa la pili nilipouliza hivyo. Tulikuwa tumechuchumaa kando ya shimo katika shamba la mzee Onyiego, jirani yetu, na Baba alikuwa amenikataza kutoa sauti. Hakunijibu. Alicheka kwa pua tu, mabega yakitikisika, kisha akaendelea kuupinda mti wa mtego.

Kabla hatujaenda mbali nikuambie jambo moja, usije ukapotea kama alivyopotea Janat wa duka la Kisii mjini. Baba ni mama yangu. Sisi Wagusii ndivyo tulivyo: mama tunamwita baba, na baba tunamwita tata. Mwalimu wetu wa Kiswahili wa darasa la kwanza alipata taabu sana na sisi. Alimwuliza mwenzetu Maureen mbele ya darasa, "Baba yako anafanya nini saa hizi?" Maureen akasimama wima na kujibu, "Baba yangu ananyonyesha mtoto." Mwalimu alikuwa mgeni kutoka pwani. Alikaa chini.

Nyumbani kwetu tunaongea Kigusii. Maneno yote ya nyumbani nimeyageuza kuwa Kiswahili hapa, ila baba na tata nimeyaacha yalivyo. Bila hilo la kwanza hakuna hadithi.

Jina la Baba ni Bosibori, na kazi yake ni kuwinda fuko. Ukisikia mwindaji usifikirie simba. Fuko ni mnyama wa kutosha viganja viwili, manyoya laini kama ya paka mdogo, macho kama hana, na meno ya mbele marefu ya rangi ya chungwa. Anaishi chini ya ardhi. Huku juu utaona vichuguu vya udongo mbichi tu, halafu siku moja unaona mgomba wako umelala chali bila upepo. Ukiuinua, mizizi hakuna. Amekula. Viazi vitamu ndiyo usiseme, atakuachia majani uyatazame.

Kazi hiyo alifundishwa na tata yake, mzee Anyona, ambaye alikuwa na wavulana wanne, na wote wanne hawakuweza kunyamaza. Fuko husikia mguu wa mtu kabla mtu hajajua anaenda wapi. Mzee Anyona alijaribu mvulana wa kwanza, akakohoa. Wa pili akapiga mbinja. Wa tatu na wa nne walipigana palepale juu ya shimo. Ndipo akamchukua Bosibori, ambaye alikuwa ameleta tu chai, na Bosibori akakaa kando ya shimo mpaka chai ikaganda utando bila kutikisa hata kidole. Basi.

Watu walicheka. Msichana anawinda? Lakini fuko walipoanza kupungua, kicheko nacho kikapungua. Hata Tata alimpata kwa njia hiyohiyo. Tata anaitwa Ratemo. Wakati huo alikuwa kijana mwenye migomba yake michache hapa Nyamache, akatuma mtu amwitie mwindaji. Akaona amekuja msichana mwenye jembe la mpini mfupi.

"Mwindaji yuko wapi?" Tata aliuliza.

"Shika hiki," Bosibori alimjibu, akampa kisu, akaingia shambani. Baadaye alirudi amemshika fuko mzima kwa ngozi ya shingo, akamwinulia Tata usoni amwone vizuri. Tata, ambaye huimba sauti ya nne kanisani na watu husema ana sauti ya kutikisa madirisha, siku hiyo alitoa sauti ya kwanza. Mpaka leo anaogopa fuko. Ukitaka aamke haraka, mwambie kuna kitu kimetambaa.

"Nilimwoa ili awe upande wangu," ndivyo hueleza.

Msimu wa fuko huanza na mvua ndefu. Kiangazi udongo ni mgumu na fuko hukaa chini kabisa. Mvua ikilainisha ardhi, wao hupanda juu kuchimba njia mpya, na ndiyo siku hizohizo watu wanapanda miche. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya mawingu kukaa vizuri, Baba hutoa vyombo vyake chini ya kitanda na kuvipanga uani: waya za breki za baiskeli za kufanyia vitanzi, kamba, kisu, lile jembe la mpini mfupi, na gambuti, zile buti za mpira. Hizo gambuti zilikuwa na viraka vya tyubu kila mahali. Ya kushoto ilikuwa inakunywa maji kuliko ng'ombe.

Mwaka huu nilimwona amekaa mbele ya gambuti hizo kwa muda mrefu bila kuzigusa. Mimi niko kidato cha tatu sasa, nilikuwa nyumbani kwa mapumziko ya katikati ya muhula, na tabia ya kuuliza maswali haijaniisha.

"Baba, kuna nini?"

"Kuna Ochoki," akasema.

Ochoki ni kijana wa Magwagwa, upande wa Nyamira. Ana pikipiki, na nyuma ya pikipiki ana sanduku la mabati lililoandikwa DAKTARI WA FUKO kwa rangi nyekundu. Ndani yake kuna mitego ya chuma yenye springi. Alikuwa amepita kilimani kwetu na kuongea na chama cha akina mama wa migomba, wale ambao mashamba yao yameshikana kutoka barabarani mpaka mtoni. Kilima hicho Baba amekiwinda tangu aolewe. Anajua kila njia ya chini kama wewe unavyojua njia ya choo chenu. Chama kilitaka kupanda miche mipya kilima kizima mvua ikinyesha, na kilitaka mtu mmoja wa kukilinda.

Mwenyekiti wa chama ni Mama Joyline, mwanamke wa kusema mambo yakiwa bado ya moto. Alikuja mpaka kwetu, akakataa kiti, akakubali chai.

"Bosibori, wewe ni wetu," alisema. "Lakini sitakudanganya. Akina mama wameona vyuma vya yule kijana, macho yamewatoka. Wanasema wewe unawinda kwa kamba na kijiti kama wakati wa mababu."

"Kijiti kimewakosea nini?"

"Chifu. Kijiti chako kimemshinda Chifu."

Chifu si yule wa serikali. Chifu ni fuko mmoja aliye katika shamba la Mama Joyline, aliyeitwa hivyo kwa sababu hupita shamba la kila mtu bila kubisha hodi na lazima aondoke na kitu. Misimu miwili alikuwa amemshinda Baba. Kila akitegewa kitanzi, yeye hukisukumia udongo mpaka kinafyatuka peke yake, halafu anapita na mgomba wake.

"Tumekubaliana hivi," Mama Joyline akaendelea. "Jumapili wewe na Ochoki mje kwangu, kila mtu na vyombo vyake. Yule atakayenitolea Chifu kabla ya giza, ndiye mwenye kilima. Mwingine asinune."

Alipokwisha kwenda, Baba alizitupa zile gambuti za viraka nyuma ya jiko.

"Nami nitanunua vyuma," alisema. "Na gambuti, na koti la mvua, na glovu. Wakitaka vitu vya kung'aa, nitang'aa."

"Na wakikunyima kilima?" nikauliza. Ndiyo, najua. Mdomo wangu.

"Basi nitakuwa natembea hapo juu kama mgeni, nikisalimia vichuguu," alisema, akainuka. Magoti yake yalilia kwa pamoja, kwa sauti ya kuni kavu.

Kaka yangu Ombui anakaa Kiogoro na hubeba watu kwa pikipiki mjini Kisii. Baba alimpigia simu, akamtajia anachotaka, akamtumia pesa za ndizi. Ombui akaenda duka la vifaa la mzee Sabir, akamkuta binti yake, Janat, nyuma ya kaunta. Mimi sikuwepo, lakini baadaye niliwahoji wote wawili, mmoja mmoja, na maelezo yao yanafanana kabisa isipokuwa kila mmoja anasema mwenzake ndiye aliyeongea haraka.

"Gambuti ni zako?" Janat aliuliza.

"Za baba."

"Anavaa namba ngapi?"

Ombui akakuna kichwa. Nani anajua namba ya mguu wa mama yake? "Namba sijui. Lakini baba si mtu mdogo. Nyamache nzima inamjua."

"Mkubwa kama wewe?"

"Mimi? Mimi ni nani mbele ya baba! Baba akikanyaga shamba, fuko chini wanaambiana amefika."

Janat akasogeza ngazi mpaka rafu ya juu kabisa. "Rangi je?"

"Nyeusi. Baba anapenda sana waridi, lakini itaonyesha matope."

"Baba yako anapenda waridi?"

"Sana. Hata kanisani huvaa waridi."

Janat alimtazama kidogo. "Haya. Kila mtu na baba yake," akasema.

Wakati huo abiria wa Ombui alikuwa anampigia kelele nje, kwa hiyo alimwomba Janat afunge kila kitu kwenye gunia na kulipeleka stendi, lipakiwe kwenye gari la Nyamache. Hakukitazama hata kimoja. Akawasha pikipiki, akaenda zake.

Gunia lilifika Ijumaa, jua likiwa linagusa kilima. Sisi ni Waadventista. Jua likizama Ijumaa, Sabato imeingia, na mambo ya kazi yote yanakaa pembeni mpaka lizame tena Jumamosi. Nilikuwa nimekwisha kushika kamba ya gunia.

"Kemuma," Tata akaniita. "Jua liko wapi?"

"Limebaki kidogo, Tata."

"Kidogo cha kuomba au kidogo cha kufungua magunia?"

Nikaachilia kamba. Gunia likawekwa chini ya meza ya sebuleni, na nadhani hiyo ndiyo Sabato ndefu kuliko zote tangu uumbaji. Tuliimba tukilitazama, tukala tukilitazama. Kanisani Tata aliomba kwa ajili ya "wote wanaosubiri kwa uvumilivu," na nikamwona Baba amefumba jicho moja tu.

Jua lilipozama Jumamosi, hata amina ya kufungia haikutua vizuri. Baba alikata kamba kwa kisu. Ikatoka mitego ya chuma, minne, inang'aa kama vijiko vya harusi. Akina mama wa chama wangefurahi. Ikatoka koti la mvua. Baba alilivaa, likaendelea kushuka mpaka likafika sakafuni na kupumzika hapo. Zikatoka glovu ambazo ungeweza kubebea maji. Mwisho zikatoka gambuti.

Sijui niseme vipi. Kuku wetu angeweza kutagia ndani, akalalia, na vifaranga wakapata nafasi ya kucheza. Baba aliingiza mguu wake mdogo, akatembea hatua chache. Gambuti zilibaki nyuma zikimtazama.

"Hizi ni za nani?" akauliza polepole.

Tata alijaribu, zikamshinda. Tata ni mtu wa miguu midogo, ndiyo maana hukimbia haraka. Mimi nilivuta yangu chini ya kiti. Miguu yangu ni habari nyingine. Sijui niliitoa ukoo gani, lakini viatu vya shule nanunuliwa vya wavulana, na wasichana wa bweni huniita Barabara Kuu.

Tulimpigia Ombui, na Ombui akampigia Janat, na Janat akatupigia sisi. Baba akaweka sauti kubwa.

"Hujambo mama? Samahani, naomba kuongea na baba, yule mwindaji."

"Ni mimi."

"Hapana mama, namtaka baba mwenyewe. Yule mkubwa. Anayependa waridi."

Tata alitoka nje. Tulimsikia akicheka kule kwa ng'ombe. Baba alimweleza Janat kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba baba ni yeye, kwamba kwetu baba ndiye mama, na kwamba ana mguu wa mtoto wa darasa la nne.

"Sasa mama, mimi ningejuaje?" Janat alilia. "Kijana wa watu amesimama mbele yangu, baba hivi, baba vile! Rudisha nikubadilishie Jumatatu."

Lakini mashindano yalikuwa Jumapili. Asubuhi Baba alichukua majani makavu ya migomba, akayasokota, akajaza gambuti mpaka miguu ikashika. Za zamani aliziendea nyuma ya jiko, akakuta mbwa wetu ameimaliza ile ya kulia. Basi akaenda hivyohivyo, koti limekunjwa kiunoni kwa kamba, akitembea kama bata anayekwenda kortini. Nilimbebea mitego ili nipate kuona.

Ochoki alikuwa amefika. Aliegemea sanduku lake la DAKTARI, akamtazama Baba kuanzia chini, na kuanzia chini ilimchukua muda.

"Mathe, hizo buti ni zako ama umepanga chumba?"

Akina mama wakacheka. Mama Joyline mwenyewe akageuka akajifanya anakohoa.

"Chumba kimoja nimepanga mimi," Baba alimjibu. "Cha pili kiko wazi. Ukishindwa leo utakuja kulala."

Wakacheka tena, mara hii upande wetu. Ochoki naye akacheka. Si kijana mbaya.

Kazi ikaanza. Ochoki akafungua njia za fuko upande wa juu, akatega vyuma vyake haraka haraka, akakaa kwenye kivuli na simu. Baba akachukua upande wa chini, karibu na mgomba ulioanguka mwisho. Alipiga magoti, magoti yakalia, akaweka kiganja juu ya udongo kama mtu anayempima mtoto homa. Akahamisha kiganja. Akahamisha tena. Kisha akachimba, akaiona njia, akatega vyuma vyake vipya vile anavyotega kila mtu. Tukangoja.

Chifu hakuchelewa. Mtego wa kwanza wa Ochoki ulifyatuka, tukakimbia kuangalia, tukakuta umejaa udongo. Wa pili vivyo hivyo. Kisha wa Baba, udongo mtupu, umeshindiliwa vizuri kama umepakiwa na fundi. Mchana ulipofika, vyuma vyote vya shamba hilo vilikuwa vimelishwa udongo, na mgomba mwingine ulikuwa umeanza kuinamisha kichwa mbele ya macho yetu.

"Huyu si fuko," Ochoki alisema. "Huyu amesoma."

Baba hakucheka. Nilimwona akitazama kilima chote, kutoka barabarani mpaka mtoni, jinsi mtu anavyotazama nyumba anayohama. Kisha akashika jembe lake la mpini mfupi, akaenda pale njia mbili za Chifu zinapokutana, akaanza kuchimba chini zaidi, chini ya njia yenyewe, ili atafute mahali pa kutega ambapo udongo hautafika. Alichimba mpaka akasimama ndani kwa mguu mmoja, shimo likimfika juu ya goti.

Hapo ndipo mvua ilipokuja. Mvua ya kwetu mwezi wa tatu haianzi kwa matone. Inamwagwa. Akina mama walikimbilia verandani, Ochoki akakumbatia sanduku lake, na Baba akajaribu kutoa mguu shimoni. Matope yalikuwa yameishika gambuti. Akavuta. Mguu ukatoka, na majani ya mgomba yakatoka pamoja nao, lakini gambuti ikabaki imesimama wima ndani ya shimo, mdomo wazi, sawasawa na sakafu ya njia ya fuko.

"Kiatu, Baba!" nikapiga kelele.

"Kiache! Hata chenyewe hakinijui!" akajibu, akaja akirukaruka, mguu mmoja peku na mwingine umevaa jumba. Alikuwa ametupia ubao na majani juu ya shimo ili lisijae maji.

Tulikaa verandani. Mama Joyline akatuletea ndizi za kuchemsha na chai. Hakuna aliyeongea juu ya kilima. Ochoki alimpa Baba nafasi karibu na jiko la makaa, na Baba akaipokea, na nikajua wote wawili wanafikiria kitu kimoja: giza likiingia na Chifu bado yuko chini, chama kitatafuta mtu wa tatu, labda wa sumu.

Mvua ilikatika kama ilivyokuja. Jua la jioni likatoka na udongo ukaanza kutoa moshi.

"Nenda kaniletee hicho kiatu," Baba aliniambia. "Nisirudi nyumbani nusu."

Nikaenda. Nikainua ubao. Nikainama kushika gambuti, na gambuti ikakwaruza.

Sikupiga kelele. Naomba hilo lieleweke, kwa sababu Tata husimulia vingine. Nilichungulia tu. Chini kabisa, pale kwenye kidole gumba, kulikuwa na kitu kinene chenye manyoya kikijaribu kupanda ukuta wa mpira, kinateleza, kinajaribu tena, kimekasirika, meno ya chungwa yamefunuliwa. Alikuwa amekuja kuziba njia yake baada ya mvua, amezoea kusukuma udongo mbele yake. Mara hii sakafu ilikuwa imeisha.

"Baba," nikaita, polepole, kama alivyonifundisha. "Njoo uone mpangaji wako."

Walikuja wote. Baba aliing'oa gambuti matopeni kwa mikono miwili, akaibeba kama mtungi mpaka kwa Mama Joyline, akainamisha kidogo. Mama Joyline akachungulia, akaruka nyuma, akachungulia tena.

"Chifu!" akasema. "Wewe mtu, kumbe ni mnene hivi! Hiyo yote ni migomba yangu!"

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika mpaka sokoni. Ochoki alikuja mwisho. Alitazama ndani ya gambuti muda mrefu, kisha akavua kofia.

"Mathe," alisema, "hizo buti ulinunua wapi? Niambie namba."

"Uliza za baba," akamjibu. Akina mama ambao walikuwa wamesikia habari za Janat wakashikana wasianguke.

Mama Joyline hakungoja kikao. Alisema palepale kwamba kilima ni cha Bosibori, na asiye na furaha aseme sasa kabla hajamaliza chai yake. Hakuna aliyesema. Baba alimega kipande cha ndizi, akakitupa ndani ya gambuti, Chifu akakipokea bila aibu yoyote. Baba akacheka kwa pua, mabega yakitikisika, vilevile kama siku ile kwa mzee Onyiego.

Usiniulize yaliyompata Chifu baadaye. Mwindaji ni mwindaji.

Jumatatu Janat alipiga simu asubuhi kuuliza kama tumekwisha kuzirudisha gambuti. "Mwambie zimeshapata kazi," Baba alisema, akiwa jikoni. Aliagiza nyingine za mguu wake, na Janat akazituma siku hiyohiyo. Zilikuwa za waridi. Ndani aliweka karatasi iliyoandikwa: *Za baba, yule mama.*

Likizo ilipofika nilimkuta Baba amekaa mlangoni, amenyoosha miguu, zile gambuti kubwa ameziosha na kuzipanga kando yake zikauke. Moja ina mikwaruzo ya meno kwa ndani. Chama kilikuwa kimekwisha kupanda miche kilima kizima, mistari kwa mistari mpaka mtoni, na kila asubuhi alikuwa akiipita yote.

Nikakaa karibu naye.

"Baba," nikasema, "unakumbuka niliwahi kukuuliza swali ukakataa kunijibu?"

"La siku ile kwa Onyiego. Ulinifukuzia fuko." Alijikuna goti. "Uliuliza siku fuko wakiisha nitafanya kazi gani."

"Sasa?"

Akachukua gambuti moja, akaikung'uta, akanisogezea. Na akaniita kwa jina lile ambalo mama wa Kigusii humwita binti yake akimpenda au akitaka kumtuma, ambalo ni lilelile lake.

"Fuko hawaishi, baba. Yanayoisha ni magoti. Hebu leta huo mguu wako tuone."